Usikate Hiyo Simu

Perez Awuor alimrukia yule dereva kabla kidole chake hakijafika kwenye kitufe chekundu.

Wakaanguka pamoja juu ya mafungu ya nyanya, pale Kondele, mjini Kisumu, wauza mboga wakitawanyika kwa mayowe. Mwanamume alikuwa mzito, mwenye mabega ya mtu aliyezoea magunia. Awuor akamwekea goti kifuani, akaukunja mkono wake mpaka vidole vikalegea. Simu ikabaki kiganjani mwa Awuor. Motorola nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia.

Ilikuwa bado hai.

"Kaloleni, uko?" sauti iliuliza ndani yake. Kiswahili cha mzungu. "Kaloleni, jibu."

Awuor akaziba kipaza sauti kwa kidole gumba. Kwa mkono wa pili akachomoa bastola yake ya Browning na kuigandamiza chini ya kidevu cha dereva.

"Kaloleni ni wewe?"

"Ndio, madam."

"Mwambie uko. Ukiongeza neno moja la ujanja, unabaki hapa na hizi nyanya."

Akaondoa kidole.

"Niko, bosi," dereva alisema, pumzi juu. "Ni kelele ya soko tu."

"Usipotee tena. Boti iko njiani."

Awuor akaziba tena kipaza sauti. Alikuwa mpelelezi wa Idara, ile isiyo na kibao mlangoni, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kubeba hasira kama aliyokuwa nayo mwaka huo wa 1998.

Land Rover nyeupe ikaja ikipanda ukingo wa barabara. Aliyeshika usukani alikuwa Walter Ogola, fundi wa mitambo ya mawasiliano wa Idara, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Juu ya gari, chini ya turubai, alikuwa amefunga antena yake ya kusaka mawimbi.

"Imekatika?" aliuliza.

"Haijakatika."

"Nyar Sakwa, wewe ni mtu mbaya!" Alikuwa akicheka. Alipenda kumwita hivyo, binti wa Sakwa, hasa mambo yalipokuwa moto. "Sasa usikate hiyo simu. Hata ukipigwa risasi, anguka nayo ikiwa wazi."

Walimsukuma dereva nyuma ya Land Rover wakafunga mlango. Jina lake lilikuwa Simiyu. Aliishi Kaloleni na aliendesha lori la samaki, Isuzu lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Mimi nabeba samaki na barafu," alisema. "Hiyo mambo ingine sijui."

"Kuna bunduki chini ya barafu yako," Ogola akamwambia. "Na hiyo simu si simu. Ni kikao." Akamgeukia Awuor. "Kuna Mbelgiji anaitwa Van Roey, alikuwa fundi wa redio wa wanajeshi wa kukodiwa. Ana boksi mahali fulani. Linaunganisha simu za mkononi za mjini, redio za kwenye boti, na simu ya setilaiti ya mnunuzi huko nje. Wote wanasikilizana kwa wakati mmoja. Linapitisha hata picha. Mtu akitoka kwa mtandao mmoja, boksi linamdaka kwa mwingine na kikao kinaendelea. Ndio maana tumewakosa. Tukifika kwa wimbi hili, wao wako kwa lile."

"Na mmoja wao akipotea ghafla?"

"Boti inageuka. Bunduki zinarudi ziwani, na hatuwasikii tena."

Awuor akachukua kinasa sauti kidogo cha Sony kutoka kwenye dashibodi, akachomeka kisikizi katika sikio la Simiyu.

"Sikiza."

Hakuhitaji kusikiliza mwenyewe. Aliujua mkanda ule neno kwa neno. Mwanamke aitwaye Dorca, muuguzi, alikuwa katika boti ya zahanati ya kanisa iliyokuwa ikienda visiwani kuchanja watoto. Dhoruba ilikuwa imewakamata. *Maji yanaingia. Tuko watu tisa. Tafadhali, yeyote anayesikia.* Kisha sauti ya mwanamume, iliyokwaruzwa na upepo, ikajibu kwa upole. *Tulieni, mama. Kila kitu kiko sawa. Boti inakuja.*

Hakuna boti iliyokuja. Siku hiyo mzigo wa bunduki ulikuwa ukishuka, na boksi lile lile lilikuwa limeifunika chaneli ya dharura ya ziwa ili doria isitoke. Dorca aliambiwa atulie, akatulia. Aliacha kuita. Mashine ya Ogola ilirekodi yenyewe, na alipousikiliza mkanda kesho yake, miili ilikuwa tayari imelazwa ufukweni.

Simiyu alichomoa kisikizi taratibu.

"Yesu," alisema. "Nani huyu anajibu?"

"Ndiye ninayemtafuta."

Awuor akachukua redio yake ya kiganjani kutoa taarifa. Operesheni yao ilikuwa ikiongozwa kutoka chumba cha redio cha doria ya ziwa, chini ya Inspekta Gordon Masinde. Simu ya dereva akaishika kwenye sikio la kushoto, kipaza sauti kikiwa kimezibwa. Redio akaisogeza mdomoni.

"Kituo, Kituo, hapa Korongo. Unanipata? Ova."

Kufumba na kufumbua, simu ya dereva ikamnong'oneza sikioni:

"...hapa Korongo. Unanipata? Ova."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Awuor aliganda.

"Korongo, nakupata," Masinde alijibu. "Toa ripoti. Ova."

Sauti yake ilikuja mara mbili. Sikio la kulia kwa redio, sikio la kushoto kwa simu.

Ogola alikuwa ameona uso wake. Akasogea, akatega sikio karibu na simu, kisha akavua miwani kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa na kosa. Mmoja wa watu waliokuwa katika kikao cha magendo alikuwa amekaa mbele ya redio ya doria, na simu yake ya mkononi ilikuwa wazi mezani.

Awuor akabonyeza kitufe cha redio. Aliposema, sauti yake ilikuwa tambarare.

"Kituo, nimempoteza dereva. Gari lake limeelekea Dunga. Ninalifuata. Ova."

"Roja, Korongo. Naituma boti ya doria Dunga ikusaidie. Ova na auti."

Redio ikanyamaza. Simu haikunyamaza.

"Yule mwanamke yuko Dunga," Masinde aliwaambia wenzake, na safari hii hapakuwa na upepo wa kukwaruza sauti. "Doria nimeipeleka huko huko. Tulieni. Kila kitu kiko sawa."

Simiyu alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Madam," alisema. "Ni yeye."

"Ninajua."

Masinde alikuwa amekwenda mazishini. Alishika mkono wa mama yake Dorca kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote, na Awuor mwenyewe alimkabidhi kikombe cha chai. Awuor akamgeukia Simiyu.

"Mzigo unashuka wapi?"

"Naambiwa nikiwa njiani," Simiyu alisema. "Kila mara ni ufukwe mwingine. Mimi najua tu ni barabara ya Kisian kwenda Kombewa."

"Basi twende. Wewe na mimi, kwa lori lako. Ogola anatufuata anasaka boksi. Na redio zetu zimekufa kuanzia sasa, kwa sababu Masinde anazisikiliza."

"Nitakuashiria kwa taa," Ogola alisema.

Isuzu liliacha mji likivuma. Upande wa kushoto ziwa lilikuwa la kijani, limefunikwa na gugumaji mpaka mbali, kana kwamba mtu angeweza kutembea juu yake. Awuor alikaa chini, mgongo ukiegemea mlango, bastola juu ya paja. Simu ilikuwa imewekwa kati yao kitini, kipaza sauti kimezibwa kwa kitambaa, na sauti za kikao zikaingia na kutoka. Nahodha wa boti. Mbelgiji. Mtu wa mbali aliyesema Kiingereza kizito na kuuliza picha za mzigo.

Walipofika Kisian simu ilianza kukwaruza.

"Hapa ndio mnara unaisha," Simiyu alinong'ona. "Nabonyeza nyota mara mbili. Boksi linaniachilia kwa simu, halafu linaniita kwa hii redio ya gari."

"Limewahi kukataa?"

"Mara moja. Boti ilirudi. Walinipiga mpaka nikatapika damu."

"Bonyeza."

Akabonyeza.

Kimya.

Sauti zote zilitoweka. Hakukuwa na Mbelgiji, wala nahodha, wala Masinde. Lori lilipita daraja dogo, likapita kanisa, likapita wanawake waliobeba kuni. Redio iliyofungwa chini ya dashibodi ilitoa mvumo mtupu. Jasho lilimtoka Simiyu kidevuni likadondoka kwenye usukani.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, madam. Usifanye kitu."

Redio ikakohoa.

"Kaloleni, uko?"

"Niko, bosi! Niko kabisa."

Awuor alishusha pumzi. Kikao kilikuwa kimehama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kilikuwa kimewahamisha pamoja nacho.

Lakini Mbelgiji hakuwa amemaliza.

"Kaloleni. Kuna gari jeupe nyuma yako. Naliona kwa kamera. Nani huyo?"

Simiyu alimtazama Awuor. Neno moja tu lingetosha kumuuza. Awuor hakuinua bastola. Hata yeye hakujua ni kwa nini.

"Hiyo ni gari ya hospitali, bosi," Simiyu alisema, akalazimisha kicheko. "Inaenda Kombewa. Imenipigia honi tangu Kisian inataka kupita."

"Mwache apite."

Simiyu akasogea pembeni, akatoa mkono dirishani akapunga. Ogola alielewa. Land Rover ikawapita kwa kasi, vumbi likiruka, na Awuor akaona uso wa fundi ukiwa umeinamia mashine yake kitini.

Baada ya soko la Kombewa, taa za breki za Land Rover ziliwaka, zikazima, zikawaka. Ogola aliendelea mbele kana kwamba hana shughuli yoyote pale. Upande wa kushoto kulikuwa na njia ya vumbi jekundu la murram iliyopanda kilima, na juu yake nyumba ya bati jekundu yenye mlingoti mwembamba wenye kamera. Chini, upande wa pili, palikuwa na ghuba ndogo.

"Kaloleni, shuka ufukwe wa chini ya soko. Ngoja hapo."

"Sawa, bosi."

Simiyu akasimamisha lori chini ya miti, mahali ambapo kamera ya kilimani haikufika. Awuor akafungua mlango.

"Redio iko mkononi mwako," alimwambia. "Ukitaka kuniuza, wakati ndio huu."

Simiyu akaitazama ile redio.

"Mke wangu alichanjwa na wauguzi kama hao akiwa mjamzito," alisema. "Enda, madam."

Awuor alipanda kilima akikimbia kwa kuinama, katikati ya mikonge na mawe. Miiba ilimchana mikono. Hakuisikia. Juu alimkuta Ogola ametokea upande wa pili, anahema, amebeba begi lake la vifaa.

Ogola akamwonyesha mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi. Nyaya nene zilipita juu ya kizingiti.

Ndani, Van Roey alikuwa amekaa akiwapa mgongo. Kaptura, fulana iliyolowa jasho, visikizi kichwani na kipaza sauti mbele ya mdomo. Mezani palikuwa na kompyuta ya Toshiba iliyoonyesha picha ya ghuba, simu ya setilaiti, na katikati boksi la chuma la rangi ya kijivu lenye safu za taa ndogo. Nne zilikuwa zikiwaka kijani.

Watu wanne walikuwa wakisikiliza chumba kile.

Mlio wa risasi ungewafikia wote. Hata kikohozi kingewafikia.

Awuor akaweka bastola mkandani. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ubao wa sakafu ukalia.

Van Roey akageuka. Akafungua mdomo.

Awuor hakumrukia yeye. Alirukia waya. Akaushika ule wa visikizi na kipaza sauti pale ulipoingia kwenye boksi, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukachomoka. Taa nne zikaendelea kuwaka.

"Sasa piga kelele," alisema.

Mbelgiji akapiga kelele kweli, na hakuna aliyemsikia. Mkono wake ukaenda kwenye droo, ukatoka na bastola, Beretta. Awuor akampiga risasi ya bega. Alianguka na kiti chake. Awuor akaisukuma Beretta kwa teke, akamkanyaga mkono ule mzima, akaukanyaga zaidi ya ilivyolazimu, mpaka Ogola akasema, "Perez. Perez, inatosha."

Spika ya boksi ikalia.

"Kilima, Kilima," nahodha wa boti aliita. "Tunaona ufukwe. Tuingie?"

Awuor na Ogola wakatazamana. Hakuna kati yao aliyeweza kusema Kiswahili cha Mbelgiji.

"Kilima, jibu. Tuingie ama turudi?"

Kimya kilikuwa kinawasaliti. Kisha redio ya lori ikaingia kikaoni, sauti ya Simiyu ikiwa ya kawaida kabisa, hata ya kuchoka.

"Kilima iko na shida ya betri. Mara inashika, mara inapotea. Ingieni tu, mimi niko hapa nangoja. Barafu inayeyuka, jamani."

"Masinde anasemaje?" nahodha aliuliza.

Awuor akamgeukia Ogola.

"Hiki kikao. Unaweza kuongeza watu?"

"Nani?"

"Wote. Chaneli ya dharura. Kila redio iliyo ziwani."

Ogola alitazama boksi. Kisha akatabasamu, tabasamu baya ambalo Awuor hakuwahi kuliona usoni mwake. Akafungua begi, akachomeka waya mmoja, akainua swichi mbili. Taa ya tano ikawaka.

Kisumu, Homa Bay, Mbita. Boti za wavuvi zenye redio, meli ya mizigo, vituo vya ufukweni. Wote waliingia bila kujua. Naye Masinde, akiwa ameketi mbele ya redio yake mjini, akajibu kwa simu, kwa ule upole wake:

"Tulieni. Kila kitu kiko sawa. Doria yote nimeipeleka Dunga, hakuna atakayewaona. Ingieni mshushe bunduki. Hata siku ile ya wauguzi niliwanyamazisha mimi mwenyewe, mkapita salama. Mnaogopa nini leo?"

Taa ya tano iliendelea kuwaka.

Kisha sauti nzito, ya hasira iliyoshikiliwa kwa meno, ikatokea katika chaneli ya dharura.

"Kituo, hapa boti ya doria. Nakhungu anasema. Rudia hiyo maneno ya wauguzi. Ova."

Masinde hakurudia. Spika ya redio yake mwenyewe ilikuwa imeipaza sauti yake kituo kizima. Kikaoni zilisikika kelele za kiti, mlango, watu wakikimbia, mtu akipaza sauti kwa Dholuo, kisha konstebo kijana akisema, "Afande, kaa chini. Nimesema kaa chini!" Taa moja ikazimika.

Mnunuzi wa mbali alikata. Taa ya pili.

Ogola akachomeka kipaza sauti chake, akamtajia Nakhungu ghuba ya chini ya soko la Kombewa, naye Awuor akatoka nje na darubini. Boti ya magendo ilikuwa imegeuka ghafla, injini zake mbili za Yamaha zikinguruma, lakini upepo wa mchana ulikuwa umelisukuma gugumaji na kuufunga mlango wa ghuba. Injini zikala majani, zikapiga kelele za juu, zikafa. Wanaume walianza kuyakata kwa panga. Walikuwa bado wanakata nusu saa baadaye, Nakhungu alipotokea kutoka mashariki, maji meupe nyuma yake, na bunduki kubwa ya boti imeelekezwa. Mmoja baada ya mwingine wakatupa silaha, wakainua mikono.

Awuor hakufurahi. Alikuwa amedhani angefurahi.

Alirudi ndani, akachukua simu ya setilaiti, ambayo bado ilikuwa imeunganishwa na boksi, akapiga Nairobi. Mkurugenzi wa Idara alipokea mwenyewe. Ogola, aliyekuwa akimfunga Van Roey bega, alinyoosha mkono kuzima ile taa ya tano. Awuor akamshika kiganja. Akatikisa kichwa.

"Afande, bunduki zimekamatwa. Van Roey yuko hai. Masinde ameshikwa."

"Kazi nzuri, Awuor. Kazi nzuri sana." Mlango ukasikika ukifungwa upande wake. "Sasa sikiliza. Masinde nitamshughulikia mimi. Atastaafu kwa sababu za afya. Ile habari ya boti ya wauguzi haina haja ya kufika mbali."

"Na familia, afande?"

"Wataambiwa ilikuwa dhoruba."

"Ilikuwa dhoruba?"

"Itakuwa dhoruba. Hiyo ni amri. Tumeelewana?"

Awuor alitazama boksi.

Spika ikakwaruza.

"Kilima, hapa boti ya doria," Nakhungu alisema. "Tumepata hiyo wazi kabisa. Tafadhali mwambie huyo mzee ataje jina lake, tuandike. Ova."

Sauti nyingine ikaingia, ya mvuvi mahali fulani kuelekea Uyoma. Kisha nyingine. Kisha mwanamke.

"Nani hao?" Mkurugenzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Awuor! Ni akina nani hao kwenye laini?"

"Ni ziwa, afande."

Akaiweka simu mezani bila kuikata. Akafuta damu ya miiba mikononi, akafunga kifungo cha koti juu ya bastola yake, akatoka. Jua lilikuwa kali. Nyuma yake Mkurugenzi aliendelea kuita jina lake mbele ya ziwa zima, naye aliteremka kilima bila haraka, akishika barabara ya Kisumu.